Mapovu ya Mheshimiwa

Shangazi yangu huongea ndani ya nyumba kana kwamba sisi wengine tuko ng'ambo ya bwawa. Akiomba chumvi, jirani wa ghorofa ya juu husikia. Ni ugonjwa wa kazi. Kila Jumamosi, kwa miaka mingi, amefundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la manispaa, mahali ambapo kila sauti hugonga vigae na kurudi imevimba. Filimbi haimtoki shingoni. Aliivaa hata kwenye arusi ya dada yangu, na mshereheshaji alipokawia kutukaribisha chakula, aliipuliza.

Watoto humwita Mwalimu Bata, kwa mwendo wake akiwa na kandambili zilizolowa. Anajua, wala hajali. "Bata anaelea," husema. "Nyinyi mnaocheka ndio mnaozama."

Alijifunza kuogelea ukubwani, kwa hasira. Wakati wa uchumba mumewe alijigamba kwamba majini hana mpinzani. Walipokwisha kuoana Shangazi akamkuta bwawani, maji yakimfika magotini, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo anaitwa Nahodha. "Nikajifunza mimi," Shangazi hueleza, "ili nyumba isikose mkweli."

Somo lake la kwanza ni lile lile kwa wote. Unashika ukingo, unazamisha uso, unapuliza mapovu. Haliruki mtu, awe mtoto wa chekechea au mwanajeshi mstaafu. Asiyeyapa maji uso wake, kwa maoni ya Shangazi, hajayaamini, na asiyeyaamini hafundishiki.

Mwaka jana bwawa lilifungwa kwa ukarabati, kisha likafunguliwa kwa sherehe. Wanafunzi wa Shangazi walipangwa mstari kando ya maji wakiwa na kofia mpya za kuogelea, tayari kuruka. Wengi wao wanatoka mtaa wetu, nyuma ya kituo cha treni, ambako karibu sote ni watu weusi. Kwenye meza ya wageni hakukuwa na mweusi hata mmoja. Mkurugenzi wa Michezo wa manispaa alishika kipaza sauti, akawatazama watoto, akatabasamu.

"Yatazameni maji vizuri yangali safi," akasema. "Hawa wakishatoka tutakuwa na bwawa la kahawa."

Meza ya wageni ikacheka. Vipaza sauti vilikuwa vipya pia, kila neno likawafikia watoto bila mkwaruzo. Shangazi akapuliza filimbi, akaendelea kuipuliza mpaka kicheko kikakatika, kisha akawaongoza watoto wake wakiwa wakavu mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Yaani alikuja mmoja, binti wa fundi viatu, ambaye kwa kuelea hakuwa na mwenzake. Alikaa kwenye benchi, viatu miguuni.

"Nimekuja kukusalimia tu, Mwalimu."

"Na nguo za kuogelea?"

"Nimeziacha." Akatazama vidole vyake. "Mwalimu, sisi tukitoka, huwa wanabadilisha maji?"

Shangazi, ambaye sauti haijawahi kumpungukia, alijibu kwa sauti ndogo hata mtoto akamwomba arudie. "Hawabadilishi, mwanangu. Hawajawahi." Binti akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni asiyemtaka.

Msimamizi wa bwawa naye akaja na lake. Kama watoto hawatarudi kabla ya mwisho wa mwezi, saa ile ingepewa watu wazima wanaopunguza vitambi. "Sina ubaya, dada," alisema, "lakini siwezi kupasha moto maji ya mtu mmoja aliyevaa viatu."

Wakati huo video ya maneno yale ya kahawa ilikuwa imeshazunguka kila simu, na Mkurugenzi akaomba radhi kwenye televisheni. Tuliitazama sote sebuleni.

"Kama kuna mtu yeyote aliyekwazika na utani wangu," alisema, "basi nasikitika."

"Kama!" Nahodha akadakia. "Amekukanyaga, bado kasimama juu ya mguu wako, na anauliza kama una mguu!"

Radhi ya pili ilikuja siku chache baadaye, baada ya wakubwa wake kumnong'oneza. Hii ilikuwa na bendera nyuma. "Wanaonifahamu wanajua sina ubaguzi," akasema. "Hata dereva wangu..." Shangazi akaizima televisheni kabla dereva hajafika.

Kisha simu ikalia. Alikuwa msemaji wa idara, mwanamke mwenye sauti ya asali. Mheshimiwa angependa kupiga picha na watoto bwawani, na angewaletea mataulo.

"Watoto hawapo," Shangazi akasema. "Mliwafukuza. Lakini aje Jumamosi, mwenyewe, bila kamera. Na alete kaptula ya kuogelea."

"Kaptula? Na bila kamera, mama, nani atajua kwamba ameomba radhi?"

"Walioombwa."

Jioni hiyo alipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi waje, wakae tu, watazame. "Tukutazame wewe au yeye?" fundi viatu aliuliza. "Yeye," Shangazi akajibu. "Mimi mmeshanizoea."

Walikuja. Walikaa kwenye mabenchi wamekunja mikono, watoto wamebanwa katikati yao. Saa yenyewe ilipofika, mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka, akatoka Mheshimiwa. Kaptula yake ilikuwa bado na lebo ya dukani. Tumbo alikuwa amelivuta ndani, na kwa kuwa hakuwa na mfuko, hotuba yake alikuwa ameishika mkononi.

"Ndugu wananchi," akaanza.

"Hapa hakuna wananchi," akasema fundi viatu. "Hapa kuna watoto."

Mheshimiwa akainua macho, akawaona. Karatasi ikashuka taratibu. Kabla hajapata neno jingine, binti wa fundi akauliza kutoka kwenye benchi, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Utaingia kabla yetu au baada yetu?"

Nilikuwa nimeshika rundo la mataulo, na nakumbuka nililikumbatia. Bomba la kuchujia maji lilikuwa likikoroma. Mheshimiwa aliiva masikio.

"Baada yenu," akasema.

Filimbi ikalia. "Wadogo, majini!"

Wale wadogo walikuwa wamevumilia wiki nzima na zaidi. Waliruka kama vyura, wazazi wakarushiwa maji mpaka magotini. Kisha wote wakageuka kumtazama yeye.

"Haya, Mheshimiwa," Shangazi akasema. "Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge."

Akashuka ngazi moja moja. Akashika ukingo, na hapo ndipo tulipotambua kwamba hajui kuogelea kabisa. Alikuwa na mshiko wa Nahodha. "Uso," Shangazi akaamuru. Akayatazama maji, akafumba macho, akazama mpaka masikioni. Akaibuka akikohoa, nywele zimemlalia usoni. Karatasi alikuwa ameiacha kwenye vigae, wala hakuifuata.

"Nilisema mnachafua maji," akasema, akipangusa pua kwa kiganja. "Nilisema ili meza ile icheke. Haukuwa utani, ulikuwa ubaguzi, na niliwafanyia nyinyi mkiwa mmesimama pale na kofia zenu. Hamkustahili. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akasema, "Sasa tumesikia," na hapo alikuwa amesema mengi.

Binti wa fundi alikuwa ameinamisha kichwa akifikiri. "Hukutoa mapovu," akasema mwishowe. "Umebana pumzi."

"Nimebana," Mheshimiwa akakiri.

"Ndiyo maana unakohoa."

Akavua viatu. Akavua gauni, na chini yake alikuwa amevaa nguo za kuogelea tangu nyumbani. Akashuka ngazi, akasimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Mheshimiwa, akazamisha uso na kupuliza mapovu mengi, makubwa, ya mtu mwenye maji yake. "Hivyo," akasema, kisha akajilaza chali na kuelea akienda zake. Baba yake hakumpa Mheshimiwa mkono siku hiyo. Alichukua viatu vya bintiye, akawa anavigeuzageuza kukagua soli, kwa mazoea, na aliposhika kitambaa nilidhani anavifuta vumbi, kumbe ni macho yake.

Watu wa vitambi walitafutiwa saa nyingine. Mheshimiwa alirudi Jumamosi kadhaa, akajifunza mapovu, kuelea kukamshinda. Watoto humsalimia mjini kwa kuvimbisha mashavu, naye huitikia vivyo hivyo, hata akiwa na wageni.

Aliyeumia ni Nahodha. "Yaani yule anishinde mapovu?" alilalamika mezani. Siku hizi husimama kwenye mstari nyuma ya watoto wa chekechea, na dirisha la bwawa likiwa wazi, mtaa mzima husikia somo lake:

"Mkono mmoja, mume wangu! Achia angalau mmoja!"