Mawimbi ya Mwezi wa Mshtarii

Harufu ya plasta mbichi bado naijua, inafanana na chokaa iliyomwagiwa maji. Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Bugeshi chini ya volkano, nikavunjika mguu nikiteremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao, imejaa viazi. Hakuna mtoto aliyenishinda mwendo, na siku ile pia sikushindwa. Ni barabara iliyoisha kabla yangu. Basi masika yote nikalala chumba cha nyuma chenye dirisha dogo kama sahani, mguu mzito kama gogo, na redio ya mjomba kando ya kichwa.

Mjomba, kaka wa mama, alikuwa mwalimu aliyerudi kutoka Tanzania. Alitandaza waya mrefu juu ya bati tushike stesheni za mbali. Alfajiri moja, huko mwisho wa masafa mafupi pasipo na stesheni yoyote, nikasikia mvumo: unapanda, unavunjika, unarudi, kama ziwa linavyopiga ufuko. Ziwa liko mbali na Bugeshi. Volkano iko pale pale. Nikajua mlima unachemka, wote watakimbia, nami nitabaki na gogo langu. Nikapiga kelele. Mama akaja na ufagio mkononi.

"Zima iyo redio, iko inakula mawe ya betri bure!"

"Mama, mlima ukitoa moto, nani atanibeba?"

Mama akaegemeza ufagio ukutani. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mjomba, aliyeingia nyuma yake, ndiye aliyejibu, sikio lake kwenye spika. "Huo si mlima wetu, bwana mkubwa. Nadhani ni Mshtarii." Akanieleza kwamba sayari hiyo ina mwezi uliojaa volkano, na moshi wa volkano hizo ndio hewa yake. Sumaku ya sayari inazunguka kwa kasi, inaipita hewa hiyo yenye umeme na kuitikisa hata itoe mawimbi ya redio, na mvumo wake unafika mpaka kwenye bati letu.

"Na huo mwezi haukimbii?"

"Ukimbilie wapi? Umeshikwa."

Alidhani amenituliza. Kuanzia hapo, kila ulipovuma, nilishika kitanda kwa mikono miwili.

Leo sina cheti hata kimoja, lakini nyumba yangu hapa Gisenyi wahandisi huja kuitazama. Kila chumba kina mlango wake wa nje, hata stoo. Fundi alinicheka: "Patron, wezi watakushukuru." Wacha washukuru. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Zamani sikuwa na mguu wa kutokea; leo miguu ninayo, magari ninayo, na volkano ile ile inanitazama kutoka ng'ambo ya mpaka. Mke wangu huuliza kwa nini tusihamie Kigali. Namwambia biashara, watoto, viwanja. Yote kweli. Kisha alfajiri nazunguka nyumba nikijaribu vitasa kama vinafunguka, kimoja kimoja, na kurudi kulala pale pale.