Nilitangaza Nimepona, Bega Halikupewa Taarifa

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mkono wangu wa kulia ulikataa kushuka.

Si mzaha. Nilikuwa saluni namsuka mteja, nimeshika rasta juu ya utosi wake, bega likagoma hapo hapo. Nikabaki nimenyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Dada, umeona mende darini?" mteja akauliza.

"Nimeona nyota."

Mimi ni msusi, mwaka wa kumi na nne huu. Mikono juu, asubuhi hadi jioni. Bega lilikuwa limeanza kuuma miezi mitatu nyuma, nami nikalitibu kwa dawa ninayoiamini kuliko zote: kulipuuza.

Bahati nzuri saluni yetu imejaa madaktari. Hakuna hata mmoja aliyesomea udaktari, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu.

"Nenda kwa yule bwana wa kairopraktiki," akasema mwenye saluni. "Anakulaza, anakubonyeza mgongo, ko! Unaamka mpya."

"Usithubutu!" akadakia dada anayepaka rangi za kucha. "Nenda fiziotherapia. Wanakupa mazoezi, wiki nane, unapona taratibu."

Wiki nane! Mimi, nisiyeweza hata kusubiri chai ipoe?

Nikachagua ko.

Niseme haki ya Mungu, yule bwana alikuwa mstaarabu. Chumba safi, kitanda chenye tundu la kuwekea uso, mifupa ya plastiki imening'inia kwenye kona. Aliniuliza maswali mengi, akanipima, nikamwomba nirekodi kwa simu, akakubali. Kisha akabonyeza.

Ko! Ko!

Nikasimama. Nikainua mkono. Ukaenda!

Mngeniona. Nilipunga mkono mbele ya kamera kama nagombea ubunge. Nikairusha video mtandaoni kabla sijafika nyumbani: NIMEPONA KWA DAKIKA KUMI!

Hadi jioni watazamaji elfu thelathini. Nikaanza kuitwa Dada Bega. Wateja wakawa wananiomba niinue mkono kwanza ndipo wakae kitini.

Siku ya tatu maumivu yakarudi. Tena yakarudi na ndugu zake, shingo na kiwiko.

Niliwaambia watazamaji wangu? Thubutu! Mtu umeshakuwa maarufu, unaanzaje? Nikawa nainua mkono huku nimeuma meno, naita hayo tabasamu.

Hapo ndipo mama mkwe alipopiga simu.

Mjue kwanza kwamba kwa miaka tisa mama wa mume wangu hajawahi kukubali kitu changu hata kimoja. Chumvi yangu imezidi, pasi yangu hainyooshi, salamu zangu fupi. Siku hiyo akasema:

"Mwanangu."

Nikaangalia simu kama ni yeye kweli.

"Mwanangu, nimeiona video yako. Nyonga hii inanitesa, hata kuinuka kitini ni vita. Kesho naenda kwa huyo bwana wako anibonyeze."

Mama ana miaka sabini na mbili. Mwaka jana alijikwaa kwenye mkeka tu, akavunjika mkono. Mifupa yake ni biskuti.

Nilihitaji kusema maneno mawili tu: mama, sijapona.

Nikasema, "Sawa mama. Atakufaa."

Kisa? Kuitwa mwanangu. Basi.

Asubuhi moyo ukanisuta. Nikampigia mara sita, kimya. Nikampigia mume wangu.

"Mama yuko wapi?"

"Si ameenda kwa mtu wako? Tena kavaa viatu vipya."

Nikamweleza ukweli. Akakata simu. Mume wangu akikata simu, ni heri angefoka.

Nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikakimbia kwa yule bwana. Kufika, mpokezi akaniambia, "Yule mama? Ameshaondoka. Ameelekea hospitali."

Hospitali!

Sijui nilivukaje barabara. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia mume wangu, na kila sentensi ilikuwa inaanza na "nisamehe".

Nikamkuta idara ya fiziotherapia. Amekaa wima kwenye benchi, bahasha ya eksirei mapajani, mzima kabisa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Yule bwana hakunigusa. Alivyosikia habari ya mkeka, akasema mifupa ipigwe picha kwanza, halafu nianze mazoezi huku. Kaniandikia barua."

"Mungu mkubwa, mama!"

"Sijamaliza. Nilimgombeza. Nikamuuliza, mbona mkwe wangu ulimponya kwa dakika kumi? Unajua alinijibu nini?"

Nilijua.

Wapenzi wasomaji, hapa inabidi niwape kipande nilichowanyima. Siku ile, baada ya ko ya pili, yule bwana alisema mbele ya simu yangu: "Hii ni nafuu ya muda tu. Misuli ya bega imechoka. Nakuandikia barua uende fiziotherapia ukaiimarishe, la sivyo maumivu yatarudi."

Nilikikata. Kilikuwa kinaharibu video.

Barua nilifungia hereni.

"Kumbe alikwambia mapema," mama mkwe akasema polepole. "Nawe ukaniacha niende."

Machozi yakanitoka mbele ya wagonjwa wote, na mkono wa kuyafuta hauinuki.

Akaniangalia. Akatoa kitambaa, akanifuta yeye mwenyewe, kwa nguvu, kama anafuta meza. Kisha akageukia dirisha la mapokezi.

"Mpokezi! Mwandike na huyu."

Leo ni wiki ya sita. Tunakwenda pamoja, yeye na nyonga yake, mimi na bega langu na mpira wa kuvuta. Binti wa fizio ana sauti ya upole na hana huruma hata chembe: "Kumi tena, dada." Mama mkwe ananihesabia, na hesabu yake huwa inakwenda saba, nane, sita. Makusudi.

Lakini mkono unapanda. Pole pole, bila ko.

Video ile niliifuta. Nikaweka nyingine yenye ukweli wote, mama ndiye aliyeshika simu. Watazamaji arobaini na mmoja. Ukweli hauna soko jamani.

Msiniulize kati ya yule bwana na binti wa fizio nani bora. Wote walinieleza sawasawa. Aliyedanganya ni mimi. Viungo vikikuuma, nenda ukapimwe na anayejua, umweleze historia yako yote, umsikilize hadi nukta ya mwisho. Na ukiona mtu mtandaoni anapunga mkono eti amepona, usimpeleke mama yako huko kabla hujamuuliza amepona tangu lini.