Maji ya Kunawa Kabla ya Kugusa Nyanya

Mnisamehe kwa makosa ya herufi na mwandiko mbaya. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, lakini hasira hii imekataa kuisha.

Mama alinipa kipande cha shamba hapa Kianjai nipande nyanya. Zilikuwa zangu peke yangu. Nikivuna, ningeenda kujifunza kushona. Afisa wa kilimo alikuwa ametuambia sokoni kwamba kuna virusi vya nyanya vinavyokaa hata kwenye tumbaku. Anayevuta au kunusa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mche, kwa sababu mche ukishaugua hauna dawa.

Jumamosi moja mjomba, kaka yake mama, alikuja na majirani wawili kunisaidia kutoa vichipukizi. Mjomba hutumia ugoro. Alinusa, akapangusa vidole kwenye suruali, akaingia mstari wa kwanza.

Mimi huona haya kusema na wazee. Nikakimbia nyumbani, nikaleta beseni, maji na sabuni, nikasimama mbele yake nikiangalia chini.

"Chakula kimeiva mapema hivi?"

"Bado, mjomba."

"Sasa maji ni ya nini? Siku hizi wageni wananawishwa halafu wanaachwa na njaa?"

"Anataka ung'ae, uoe tena!" jirani mmoja akasema, wakacheka wote. Nikarudisha maji jikoni, nikabandika githeri. Mjomba akamaliza shamba lote.

Baada ya wiki chache majani yakaota madoadoa, hapa kijani kibichi, pale kijani hafifu. Yaliyochipuka yakawa membamba kama kamba ya kiatu. Muuza dawa akaniuzia dawa ya ukungu, nami nikanyunyiza huku najua haiwezi virusi. Mwisho niling'oa kila mche nikachoma. Nyanya nilizopasua zilikuwa za kahawia ndani.

Mjomba akapita, akasema, "Ni jua hilo."

"Si jua! Ni mikono yako!"

Nilipiga kelele mpaka mama akatoka nje. Akaniambia niombe msamaha, nikaomba. Lakini bado nina hasira na mjomba, na wale waliocheka, na mimi zaidi, niliyerudisha maji.

Wiki ijayo nahamisha miche mipya kwenye kipande kingine. Mjomba ametuma salamu kwamba atakuja kusaidia. Nyinyi mnaosoma, niandikieni haraka: mzee anaambiwaje anawe mikono wakati hakuna chakula?