Mbwa wa Jumamosi

Walisema sitaota ndevu. Leo nazichana kila asubuhi mbele ya kioo cha karakana yangu mwenyewe hapa Meru, chini ya stashahada yangu ya ufundi wa umeme, ambayo nimeitundika mahali ambapo hata mteja mwenye haraka lazima aione. Sikuirithi wala sikuipata kwa hongo. Na kila mvua inaponyesha, mbwa wangu akaingia ndani na kujikung'uta, ile harufu ya manyoya mabichi hunirudisha Washington, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika wodi ya watoto ambamo kila kitu kilinuka dawa ya kusafishia sakafu isipokuwa kiumbe mmoja.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nimelazwa kwa saratani ya damu. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani huko Takoma Park, kisha anapanda treni kuja kukaa nami, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vimekwisha visigino. Dawa zilikuwa zimeninyoa kichwa na kunifanya nichukie hata harufu ya chai. Madaktari walisisitiza jambo moja: niamke nitembee, kwa maana mtoto anayelala tu mapafu yake huharibika, na yangu yalikuwa yameanza. Sikutaka. Nilikuwa nageukia ukuta. Ndipo Jumamosi moja akaja Bi Helen, mwalimu mstaafu mwenye mvi fupi aliyejitolea kuwatembelea wagonjwa, na mbwa mnene wa rangi ya asali aitwaye Duke, aliyefunzwa kazi hiyo. Mbwa huyo alikuwa na kitambulisho chenye picha yake kinachoning'inia shingoni. Mama, ambaye karatasi zake mwenyewe za ukaazi zilikuwa bado kwa wakili, alikitazama kwa muda mrefu akasema, "Hata mbwa ana kibali!" Daktari alikuwa amepima damu yangu kwanza na kuruhusu, basi wakatandika shuka safi, Duke akapanda kitandani na kuegemeza mgongo wake kwenye miguu yangu. Alikuwa na joto kama jiko lililofunikwa majivu. Siku hiyo nilikula.

Jumamosi ya tatu wakaja watu wa kanisa letu, kwa desturi yetu: kundi zima, thermosi ya chai, chapati ndani ya taulo, na wimbo ambao wauguzi walilazimika kuuzima. Mbele yao alikuwa Mzee Gitonga wa kitongoji cha Bowie, mwenye kazi serikalini na gereji ya magari mawili, mtu aliyesalimia wenzake kana kwamba anawagawia chakula. Alipomwona mbwa kitandani alisimama ghafla. Kwao, na kwetu sote tuliolelewa bara, mbwa hulala nje na kula makombo. Akamvuta Mama hadi mlangoni, lakini sauti yake haikuzoea kunong'ona. "Mama Mwenda, fikiria. Mgonjwa anayetarajiwa kupona anaweza kulazwa na mbwa? Hawa wameshakata tamaa. Wanampa mtoto lolote analotaka, aende kwa amani." Wale wengine wakatikisa vichwa. Mmoja akaniangalia kuanzia utosini hadi nyayoni, kama fundi anayepima sanduku.

Kufa kufaana. Kesho yake, Jumapili, waliunda kamati ya kunisafirisha nikazikwe nyumbani, na Mzee Gitonga akawa mwenyekiti, maana hapakuwa na msiba uliompita. Walichanga kwa haraka ambayo hawakuwahi kuwa nayo tulipokosa nauli ya treni. Bahasha ililetwa wodini, ikawekwa kando ya sahani yangu, mimi nikitafuna.

Lakini shaka ikiingia kwa mzazi haitoki kwa maji. Jumamosi iliyofuata Mama alisimama mlangoni na kumzuia Bi Helen. Yule bibi hakubishana, akaondoka na mbwa wake. Nikageukia ukuta tena. Nikaacha kula, kikohozi kikanirudia, na usiku homa ikapanda. Mama alianza kuniimbia nyimbo za mazishi bila kujijua. Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja kutoka Bukavu huko Kongo, aliyemkuta akiziimba karibu na dirisha, akamuuliza kisa. "Mama, nani alikudanganya? Ile imbwa si ya wafu. Iko ya kumuamusha mutoto atembee. Wewe unafukuza dawa!"

Duke akarudishwa. Bi Helen alinikabidhi kamba na kusema kwamba mbwa anataka kwenda kuona dirisha la mwisho la koridoni, na hamna mwingine wa kumpeleka. Ulikuwa ujanja wa wazi, lakini mbwa aliuamini, basi nami nikashuka. Duke alipunguza mwendo kila nilipopunguza, akasimama kila niliposimama, wala hakunivuta hata mara moja. Tulipofika dirishani, Mama alikaa kwenye kiti akamshika Duke shingo na kulia machozi ambayo hakuwa amemwonyesha binadamu yeyote. Duke akaweka kidevu juu ya kile kiatu chake kilichokwisha. Mama akafuta pua. "Huyu ana adabu kuliko kamati nzima," alisema.

Dua la kuku halimpati mwewe. Nilitoka hospitali miti ikianza kuchanua. Ile bahasha ililipa kodi ya nyumba, na Mama akaniambia waziwazi, "Wametoa pesa za maziko, nami nimelipia kuishi. Ukikua utawarudishia."

Nilikua. Nilisoma jioni baada ya kazi, nikapata stashahada, nikakata tiketi ya kurudi nyumbani nikiwa nimeketi kwenye kiti, si ndani ya sanduku. Wiki ya mwisho nilizunguka kwa gari langu, nikianzia Takoma Park hadi Manassas, nikirudisha mchango wa kila mtu. Mama aliwakumbuka wote, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemruhusu asahau. Bowie niliiacha iwe ya mwisho. Mzee Gitonga alifungua mlango akiwa na ndara, amekuwa mfupi, ikambidi ainue shingo kunitazama.

"Mwenda! Mungu ni mwema! Tulikuombea sana," alisema, akapokea bahasha na kuipima kwa mkono. "Na hii ni ya nini, kijana?"

"Ni nauli ya maiti yangu, Mzee. Haikusafiri."