Pasta na sikio langu la kushoto

Leo nimetolewa pepo, na shida yangu ni sikio.

Nilikuwa kwa maombi ya lunchi hapa Kaptembwo. Kizunguzungu changu cha sikio kikaanza, kanisa likazunguka, nikalala chini kabla nianguke.

Mama wa leso akakimbia kunifunika miguu, eti nimeangushwa na Roho.

Pasta naye akainamia sikio la kushoto, lile lililokufa mwaka juzi. Alilikemea nusu saa. Mate tele.

Kizunguzungu kikaisha chenyewe, kama kawaida yake. Nikaketi.

Sasa akataka kunipima. Akaninong'oneza hapo hapo kushoto. Nikamwangalia tu.

Akashika maiki: "Dada yetu anasikia!" Kanisa likapiga makofi.

Kama ulikuwa umekaa mbele, nisaidie. Huyo mtu aliniambia nini?