Kiduha Shambani Puge

Nilipoolewa Puge, nilimkuta mama mkwe wangu akisifiwa kijiji kizima. Njaa ilikuwa imewafanya watu kula hadi mbegu. Yeye alikwenda kwa miguu hadi Nzega kwa ndugu zake, akarudi na kapu la mtama mweupe, akapanda, na alipovuna akawagawia majirani mbegu bila kudai kitu.

Msimu uliofuata nilikuwa na mimba ya kwanza. Chini ya mabua yakachomoza maua ya rangi ya waridi, mazuri kuyatazama, yakaenea shamba zima. Mtama ukadumaa, majani yakawa manjano, ukanyauka kama vile hakuna mvua, na mvua ilikuwa inanyesha.

Bwana shamba alikuja na baiskeli. Aling'oa ua moja pamoja na shina la mtama, akatuonyesha jinsi mizizi yake ilivyong'ang'ania mizizi ya mtama, ikiinyonya.

"Kiduha hiki," alisema. "Mama, niletee mbegu ulizopanda."

Mama mkwe alileta kibuyu. Bwana shamba alisugua punje juu ya sahani nyeupe, kisha akaziondoa. Likabaki vumbi la kahawia.

"Si vumbi la uwanjani hilo?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Ndizo mbegu za kiduha."

"Zinakaa ardhini muda gani?"

Alinitazama tumbo. "Hata huyu akija kulima atazikuta."

Kesho yake tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi na mama mkwe. Kila mlango alisema yale yale: "Mtama niliowapa una kiduha. Ng'oeni kabla hakijakomaa, mchome moto." Kwa wengi tulikuwa tumechelewa. Jirani mmoja, ambaye mama mkwe ndiye aliyemzalisha, hakutukaribisha.

"Si bora ungetuacha na njaa yetu?" alisema.

Nilimshika mama mkwe mkono tukaondoka.

Tuling'oa mpaka viganja vikachubuka, na bado mavuno hayakufika nusu ya kihenge. Mume wangu akapanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na mtoto akazaliwa baba yake hayupo. Mama mkwe akaanza kwenda kisimani mchana wa jua kali, wenzake wakishaondoka. Nilimwomba niende mimi. Alikataa: "Mbegu niligawa mimi."