Ganda la Hindi Halimuulizi Mtu

Harufu ya maganda ya mahindi yaliyoloweshwa usiku kucha ni ngumu kumweleza mtu ambaye hajapata kulala karibu nayo. Ina kitu cha maziwa mabichi, ina kitu cha udongo baada ya manyunyu, na kwa mbali ina moshi, maana katika tembe letu kila kilichowekwa akiba kiliwekwa juu ya boriti, na moshi wa jikoni ulikipitia kila siku. Siku hizi nikipita kwa wachoma mahindi wa hapa Dodoma nawaona wakimenya hindi kwa mkono mmoja na kutupa maganda chini bila kuyatazama, na watu wanayakanyaga. Siwalaumu. Lakini mara nyingi nasimama kidogo, fimbo mkononi, na kichwa changu kinarudi kwenye msimu ule wa kiangazi, wakati wa Mjerumani, mama yangu alipoyachagua maganda kama haya, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayechagua maneno.

Reli ilikuwa imekwisha kufika. Watu walizoea kusikia filimbi ya garimoshi ikilia upande wa stesheni, na ng'ombe hawakukimbia tena. Sisi tulikaa mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo, katika tembe la udongo lenye paa la bapa ambalo baba alilijenga mwenyewe. Baba alikuwa mmoja wa watu wa kwanza pale kijijini kubatizwa, na aliwafundisha watoto kusoma chini ya ukingo wa paa la kanisa letu la miti na udongo. Watu wa aina yake waliitwa wasomaji. Wengine walilitamka neno hilo kwa heshima, na wengine kama mtu anayetema kokwa. Dada yake mkubwa, Shangazi yetu, alikuwa wa kundi la pili. Mwaka uliotangulia wazee walipotaka kila nyumba ichangie mbuzi mweusi wa kuombea mvua, baba alikataa. Mvua ikachelewa, na ilipokuja ilikuja kidogo, uwele ukakauka ukiwa umefika magotini. Shangazi alisimama katikati ya ua wetu akasema, "Umeifunga mvua kwa kitabu chako." Kisha akabeba kigoda chake kichwani, akahamia kwa wanawe kule Nkuhungu, ambako wakati ule palikuwa miiba mitupu na mashamba. Ndiye aliyekuwa amenibeba mgongoni tangu nikiwa mchanga. Nilikitazama kile kigoda kikiondoka juu ya kichwa chake mpaka kikawa kama jiwe dogo, kisha kikapotea.

Kiangazi kilichofuata mama alijifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya ukoo wetu mtoto hupokelewa na dada wa baba. Yeye ndiye humshika mbele za watu, na watu wakajua kwamba mtoto huyo ana mlango wa kuingilia katika ukoo. Mdogo wangu alikuwa abatizwe Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, na mama, ingawa alikuwa mwamini kuliko hata baba, hakutaka mwanawe abatizwe huku Shangazi amekaa Nkuhungu amewapa mgongo. Kwa hiyo ilikuwa lazima zawadi itangulie, maana mkono mtupu haulambwi. Zawadi yenyewe haikuwa na mjadala. Mama alikuwa na chumvi nzuri aliyoipata kwa jasho lake: alikwangua udongo wa mbugani, akauchuja kwa maji katika kibuyu kilichotobolewa, kisha akachemsha yale maji mpaka yakaacha unga mweupe chini ya chungu. Mjadala ulikuwa juu ya kitu cha kuifungia.

Msomaji wa leo huenda akashangaa kwamba wazazi wangu walibishana jioni kadhaa juu ya jambo hilo. Lakini kwetu chombo hakirudi kitupu. Ukimpelekea mtu kitu ndani ya kibuyu au kikapu, umempelekea na swali, naye atajibu siku atakaporudisha chombo. Akikirudisha na viazi viwili au konzi ya karanga, amesema ndiyo, sisi ni wamoja. Akikirudisha kitupu, hakuna haja ya maneno mengine. Nyumba mbili zimefungiana milango, na kuifungua ni kazi ya miaka. Baba, ambaye alipenda mambo yaliyonyooka, alitaka chumvi iende katika kibuyu chetu kizuri kuliko vyote.

"Aulizwe, ajibu," alisema. "Tujue moja."

"Na akijibu vibaya, Baba Damari?" mama akauliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake.

"Tutakuwa tumejua."

"Mimi sitaki kujua," mama akasema, akimhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda jingine. "Nataka wifi ale chumvi. Kibuyu kinauliza. Ganda la hindi halimuulizi mtu. Atafungua, atatupa ganda, basi. Hatadaiwa neno."

Baba akacheka puani. "Mke wangu anataka kutoa zawadi isiyo na mkia."

"Wewe si ndiye unayetufundisha kila Jumapili kwamba tulipewa hivyo?" mama akajibu, na baba akachokonoa moto ambao haukuhitaji kuchokonolewa.

Mimi nilikuwa na shauri langu. Mhindi wa dukani karibu na stesheni alikuwa akifunga sukari kwa karatasi za magazeti ya Kijerumani, nami nilikuwa nimetunza kipande kimoja. Herufi zake zilikuwa nyeusi, zenye pembe na mikia kama wadudu waliopangwa mstari, na kwangu hakukuwa na kitu kizuri zaidi duniani. Nikakileta. Mama alikigeuza mkononi kwa upole, hakunicheka. "Ni kizuri," alisema, "lakini Shangazi yako ameona karatasi za namna mbili tu: ya bomani inayokuja na askari, na ya baba yako. Akiiona hii ataipeleka chumvi kwa ng'ombe na karatasi ataitupa motoni." Nikauliza, je, tukifunga kwa uzi wenye zile shanga tatu za buluu za mama? Mama akatikisa kichwa. Shanga ni mali, alisema, na mali lazima irudi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na kuelewa kukanitia hamu ya kuona: atafungaje kitu kipendeze bila kutumia hata kimoja chenye thamani?

Aliyatoa maganda juu ya boriti, yale ya ndani tu, meupe na laini, aliyoyaweka tangu mavuno ya kishamba chetu kidogo cha bondeni, maana kwetu mahindi yalikuwa machache. Akayalowesha usiku kucha, na asubuhi akayakunjua na kuyalaza chini ya jiwe la kusagia mpaka yakanyooka. Baadhi aliyazika katika tope jeusi la kisima pamoja na magome ya mgunga yaliyochemshwa, yakatoka meusi kama manyoya ya kunguru. Mengine aliyasugua kwa udongo mwekundu, ule ule ambao vijana walijipaka siku za ngoma. Akachana yote kwa ukucha kuwa vipande vyembamba, akasuka. Mimi kazi yangu ilikuwa kusokota uzi wa gome la mbuyu kwenye paja, na paja liliwaka moto, lakini sikuthubutu kulalamika nisije nikafukuzwa. Nilitazama vidole vyake: cheupe juu, cheusi chini, chekundu kikipita katikati kama njia ya ng'ombe. Ndani akaweka ganda zima lisilochanwa, mara mbili, ili chumvi isivuje. Alipofika juu akakunja midomo ya kile kifurushi kama mtu anayekunja mikono kusali, akafunga uzi wangu, na kwenye fundo akachomeka unyoya wa kanga wa porini wenye madoa, ambao nilikuwa nimeuokota njiani. "Huu haudaiwi na mtu," alisema, "maana tumepewa na ndege." Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimelisikia neno hilo mara nyingi makanisani. Siku ile nililiona likifanyika.

Nilitumwa mimi. Nilimkuta Shangazi amekaa kwenye kigoda chake kile kile, anapepeta. Nikapiga goti, nikamwamkia, "Mbukwenyi, Shangazi," salamu ya kwetu ya kumheshimu mkubwa, naye akaitikia bila kuinua macho.

"Karibu, mtoto wa wasomaji. Baba yako bado anazungumza na karatasi?"

"Anazungumza nayo, Shangazi."

"Na yenyewe inamjibu?"

Nikafikiri kwa bidii, maana nilifundishwa nisiseme uongo. "Siku nyingine," nikasema.

Mdomo wake ulitaka kucheka, akaukataza. Nikampa kifurushi kwa mikono miwili. Akakishika, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya ule mstari mwekundu toka chini mpaka kwenye fundo, kisha akakinusa. Hakukifungua. Aliinuka, akakiweka juu ya boriti, akarudi kwenye ungo wake. "Chombo chenu," akauliza, "utakuja kukifuata lini?"

"Si chombo, Shangazi. Ni maganda ya mahindi. Mama amesema ukifungua, utupe."

"Mimi ni mzee," akasema, "si kipofu." Akanipa maji ya kunywa, nikaenda zangu.

Nyumbani baba aliniuliza kila kitu mara mbili, na mama hakuniuliza chochote. Siku zikapita. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki, kisha mvua ikaja kwa nguvu, na watu wakatoka na majembe. Sisi tulitoka na majembe, lakini mbegu zetu zilikuwa haba, maana katika njaa ndogo iliyofuata uwele ule kukauka tulikula hata tulichokuwa tumejiapiza tusikile. Kutoka Nkuhungu halikuja neno. Baba alisema, si kwa hasira, "Unaona? Hukuuliza, hukujibiwa." Mama akapanda mbegu alizokuwa nazo, akaacha sehemu ya chini ya shamba bila kitu. Nami nilikuwa nikimtazama usoni kila jioni nijue kama anajuta, na sikuweza kujua.

Asubuhi ya Sikukuu tulikuwa mlangoni mwa kanisa, mtoto amefungwa shuka jeupe, watu wameanza kuingia, nilipoona kigoda. Kilikuja juu ya kichwa kama kilivyoondoka. Shangazi alikitua chini hatua chache kutoka mlangoni, akasimama.

"Dada," baba akasema, akisogea pembeni ya mlango. Kisha akasema, "Ingia."

"Sikuja kwa huyo wa humo ndani. Nimekuja kurudisha chombo cha watu."

"Chombo gani, wifi?" mama akauliza.

Shangazi akatoa kutoka kwapani kile kifurushi cha maganda. Kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena, mikunjo ile ile, fundo lile lile, hata unyoya wa kanga ulikuwa mahali pake. "Hiki. Au kwenu wasomaji vyombo havirudishwi?"

Mama alikipokea, na nikaona mikono yake ikishuka kwa uzito. Alifungua mdomo wa kifurushi kidogo tu. Ndani mlikuwa na uwele wa mbegu, punje kubwa zilizochaguliwa, zimejaa mpaka juu. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wakageuka kutazama.

"Cheka, cheka," Shangazi akasema. "Nipe mtoto. Mbona unamshika kama mzigo wa kuni?" Akamchukua, akaketi naye kwenye kigoda hapo hapo nje, mbele za watu wote. Hakuingia. Alikaa mlangoni ibada nzima, akampa mama mtoto wakati wa maji tu, kisha akamdai tena. Alipoambiwa ameitwa Yohana alisema ni jina zuri kwa mtu wa kitabu, lakini yeye atamwita Mvula, yaani mvua kwa lugha yetu. Ndugu yangu aliitwa kwa majina hayo mawili mpaka Mungu alipomwita, na hakupata kulionea haya hata moja.

Sehemu ya chini ya shamba tuliipanda siku ya pili yake. Kile kifurushi mama alikirudisha juu ya boriti, na baada ya miaka kadhaa mchwa wakakimaliza, kama ilivyo haki yao.

Nimezeeka nikiligeuza jambo hili. Inawezekana Shangazi alikosea: aliona kitu kilichosukwa vizuri kupita kiasi, akakataa kuamini kwamba watu hutupa kitu kama kile. Inawezekana alijua vizuri kabisa kwamba ni ganda tu, na kwamba hadaiwi, akaamua kujidai mwenyewe. Na kuna siku ninamdhania mama yangu, mwanamke mpole, kwamba kinywa chake kilisema hakiulizi, lakini mikono yake ilikuwa ikiuliza tangu ganda la kwanza. Niliwahi kumuuliza alipokuwa mgonjwa wa mwisho. Alitabasamu, akaniomba maji. Sikurudia. Mambo mengine Mungu anatuachia tuyatazame tu, na kuyatazama ni shukrani pia.

Mwezi uliopita kitukuu changu alipata kipaimara. Nyumba yetu iko Nkuhungu, na mahali pa kigoda cha Shangazi sasa pana mitaa na nyaya za umeme. Zawadi zilikuja nyingi, zimefungwa kwa karatasi za dukani zinazometameta, zenye utepe uliokunjwa kama ua. Zilipendeza, nisiseme uongo. Zikachanwa kwa kishindo na furaha, na muda si muda sakafu yote ilikuwa inang'aa. Wakati wakubwa wakila, mdogo wa mwisho wa kitukuu huyo, ambaye bado hajaanza shule, alikaa chini akazikusanya zile karatasi, akawa anazinyoosha moja moja kwenye goti lake. Akaniletea rundo lote.

"Bibi," akauliza, "hizi tunawarudishia na nini?"

Hakuna aliyemfundisha. Nikamwambia azilaze kwanza chini ya godoro langu zinyooke, tutafikiri.